Nzi Wangu na Meza ya Dirishani

Jumatatu, 4 Machi

Jumatano tuna wageni maabara. Profesa kasema atakayewaonyesha nzi vizuri atapewa meza ya dirishani, yenye darubini mpya. Meza ni yangu. Wengine bado hawajajua tu.

Kazi yenyewe rahisi. Ubongo wa nzi una seli za neva, na una glia, seli zinazozihudumia. Ndani ya glia za nzi wangu mizigo ya seli haisafirishwi inavyotakiwa, basi neva zinapagawa. Ukitikisa chupa, wanaanguka chali kwa degedege. Nzi wazima wanakutazama tu. Bi Nadhifu, mwenzangu wa meza ya pili, naye ana nzi kama wangu, pamoja na koti lililopigwa pasi. Hanitishi.

Jumanne, 5 Machi

Nimejaribu chupa. Wote chali! Baada ya muda wakainuka, wakajipangusa. Nyumbani nikamsimulia dada. Akauliza kama nzi hao wana mama. Nimelala kwa raha.

Jumatano, 6 Machi

Wageni wakipanda ngazi, nikafanya zoezi la mwisho. Wote chali. Safi.

Wageni wakaingia, nikatikisa. Nzi wamesimama. Nikatikisa mpaka kiwiko kikalia. Mmoja alikuwa akisafisha macho. Bi Nadhifu akagonga chupa yake mara moja, wote chini. Makofi.

Profesa akaeleza kwa upole kwamba neva zikishapata degedege hutulia kwanza, na nzi haanguki tena mpaka apumzike. Akaniuliza kama niliwatikisa kabla. Nikasema hata kidogo. Mfagizi, aliyekuwa mlangoni na ndoo yake, akasema kaka, si sasa hivi tu nimekuona? Niliona aibu kweli.

Alhamisi, 7 Machi

Bahati bado ipo. Bi Nadhifu kasema jua la dirishani linamuumiza macho, meza kairudisha. Profesa kakubali: kesho wanafunzi wanakuja, na nzi wangu wakianguka mbele yao, meza nachukua. Ila nisiwaguse mpaka wakati wenyewe. Nimemwelewa. Mtu mzima haambiwi mara mbili.

Ijumaa, 8 Machi

Leo nina amani. Nzi wamepumzika tangu juzi, hakuna aliyewagusa. Koti nimepiga pasi. Vitu vyangu nimeshavihamishia dirishani. Nasikia wanafunzi kwenye korido.

Nimewatikisa kidogo tu, nihakikishe wamepumzika. Wamepumzika vizuri sana. Wameanguka wote.