Pazia Langu Si Tangazo la Msiba

Oldewier, 19 Juni

Kwa Ndugu Mhariri wa Jarida la Kijiji,

Natumaini barua hii itakukuta salama wewe na mkeo, na kwamba goti lake limepona. Sisi ni wazima, wote watatu. Hayo maneno "wote watatu" naomba uyachape kwa herufi kubwa, maana ndiyo yaliyonifanya nishike kalamu.

Mimi ni Hiske wa nyumba ya kona, karibu na daraja. Mwanangu Jorrit ana miezi minne na hapati usingizi. Siku hizi za kiangazi huku kwetu kaskazini jua linakawia hadi saa nne usiku, alfajiri saa kumi na moja limesharudi, na mchana linampiga usoni. Chumba cha juu kina joto kama tanuri, kwa hiyo analala sebuleni, na dirisha la sebule, kama unavyojua, liko hatua moja kutoka njiani. Namnyonyesha mtoto huku jirani yetu Mzee Doeke akipita na kunivulia kofia.

Basi nikaenda mjini kununua pazia la kuviringisha. Nilichagua kwa muda wa saa nzima. La kitambaa chepesi linapitisha mwanga, na ukiwasha taa unaonekana ndani kama kivuli. Lile linalopanda kutoka chini linaficha kifua, lakini jua linaingilia juu. Nikachukua zito la kijivu. Muuzaji akaniambia, "Dada, hili ukilishusha, mchana umekuwa usiku." Nilitamani kumkumbatia.

Malalamiko yangu ni haya.

1. Jumatatu saa saba mchana nilishusha pazia. Jorrit akalala. Mimi nikakaa sakafuni nikalia kidogo kwa furaha. Baada ya dakika ishirini kengele ya mlango ikalia. Alikuwa Bi Aukje wa nyumba ya ng'ambo ya njia, amevaa koti jeusi, ameshika sahani yenye mkate wa zabibu kavu. Najua kwamba hapa kwetu pazia hushushwa mchana mtu akifa. Lakini nilidhani kwanza hutafutwa maiti.

"Pole mwanangu," akaninong'oneza. "Ni Sietze?"

Nikamwambia mume wangu yuko kazini, anaendesha lori la maziwa.

"Siku ya kwanza sote husema hivyo," akasema, akanikabidhi mkate.

Mtoto alikuwa ameshaamka.

2. Kufikia saa tisa, nyumba nne za ng'ambo zilikuwa zimeshusha mapazia kwa heshima ya marehemu, na kengele yangu imelia mara tano. Jioni Sietze akarudi kwa miguu yake mwenyewe. Mzee Doeke alimtazama kama mtu aliyetoa ahadi kisha akaghairi.

"Kwa hiyo wewe mzima kabisa?"

"Mzima, mzee."

"Hata kifua hakikubani?"

Bi Aukje naye akaja kuchukua sahani yake. Mkate ulikuwa bado juu yake. Akauchukua pia.

3. Jumanne, kwa kuwa hakuna aliyekufa, ikaamuliwa kwamba ndoa yetu ndiyo imekufa. Renske wa duka la mikate aliniambia mbele ya wateja, "Shoga, nyumba ikiwa na moto usijifungie. Njoo kwangu tunywe kahawa." Nimewahi kunywa kahawa kwake. Inakuja na biskuti moja, halafu kopo la biskuti linafungwa.

4. Jumatano akaja askari wa eneo letu. Kuna mtu aliyepiga simu kusema kwamba nyumba yenye giza, joto na harufu kali lazima ndani yake inalimwa bangi. "Samahani mama, ni wajibu tu," akasema. Nikamkaribisha. Giza lilikuwapo, joto lilikuwapo, na harufu nikamfungulia ndoo ya nepi. Alitoka haraka kuliko alivyoingia. Jorrit aliamka, mara ya tisa kwa siku tatu, na hakulala tena hadi jua lilipozama lenyewe.

Ndugu Mhariri, mimi si mtu wa ugomvi. Nakubali kwamba kijiji kina haki ya kuiona sebule yangu kama kinavyouona mnara wa kanisa. Kwa hiyo naomba kamati ya kijiji ichague. Ama nitangaziwe saa za kutazamwa, tuseme saa nne hadi saa tano asubuhi, nami nitachana nywele. Ama wateuliwe watu wawili kila wiki, waingie kwa zamu, wakae kwenye kochi langu gizani wahakikishe kwamba tunapumua. Ama, kama hayo hayatoshi, niambiwe kwa maandishi ni nani kati yetu afe ili pazia langu liwe halali. Jorrit simtoi. Mimi ndiye ninayemnyonyesha. Sietze anasema yuko tayari, mradi iwe Jumamosi na aachwe alale.

Nakushukuru kwa nafasi utakayonipa. Nisalimie wanakamati, mkeo, na kila anayepita mbele ya nyumba ya kona. Nawajua wote, maana mnaponiona nami nawaona.

Wako kwa heshima na usingizi haba,
Hiske Dijkema, mama Jorrit

Nyongeza: Kabla sijafunga bahasha, Jorrit ametapikia pazia, nikalitoa kulifua. Kikapu anacholalia kikabaki dirishani, jua lote usoni. Bi Aukje akasimama nje ya kioo akamfanyia vituko vya uso. Mzee Doeke akajiunga, kisha Renske na aproni yake. Mtoto akawatazama mmoja mmoja, akapiga miayo, akalala. Hadi sasa ni zaidi ya saa mbili hajaamka. Nimewaashiria wasiondoke, na kahawa nimewapitishia dirishani. Barua ichape tu, ila uongeze kwamba Bi Aukje anaombwa asiende likizo na karavani yake ya kuvutwa na gari mwezi wa saba, au aache mtu wa kusimama mahali pake. Pazia likikauka halina kazi tena. Mwenye msiba wa kweli na aje alichukue, lakini asipige kengele.