Tahadhari Kuhusu Taa Isiyo na Joto

Wazazi wote mfahamishwe kwamba Mamlaka ya Mwanga imezindua taa isiyo na joto. Naandika kumwonya kila mwenye mtoto aliyeajiriwa penye mhuri wa serikali.

Taa hiyo ina vijibomba vya kaboni, vyembamba kuliko unywele mara elfu nyingi. Vikipitishiwa umeme vinang'aa. Binti yangu, fundi wa vipimo pale, alivipima akaandika: mwanga kiasi, joto jingi.

Mkurugenzi akamwita.

"Binti, sisi ni Mamlaka ya nini?"

"Ya Mwanga, bosi."

"Joto lina idara yake. Unataka tugombane na watu? Futa, utie sahihi kabla ya Ijumaa."

"Bosi, vinawaka kama mkaa. Mwanga na joto ni pacha, humbebi mmoja ukamwacha mwenzake."

"Basi utaacha kazi wewe."

Nyumba yetu inakula kwa mshahara wa huyo binti. Nikamwambia, "Mwenye nguvu mpishe. Tia sahihi, mwanangu."

"Mama, taa hizi arobaini zinakwenda wodi ya watoto wachanga. Zitaning'inia juu ya vitanda."

Nikaacha kumsihi.

Ijumaa Waziri akaja, nasi wazazi tukaalikwa kujaza viti. Taa moja ilifungwa juu ya Mkurugenzi. Kamati ya Kutohisi Joto, iliyokutana mara sita chini ya feni, ilikwishaelekeza kwamba kuvua koti ni kukiri. Mkurugenzi akahutubia na koti lake zito. Kufikia ukurasa wa pili, hotuba ilikuwa imelowa na upara wake umeiva.

"Unaumwa?" Waziri akauliza.

"Ni furaha, Mheshimiwa. Imenizidi kidogo."

Waziri, aliyeketi mbali penye dirisha, aliguswa sana. "Watoto wasubiri. Aliyehangaika ndiye afaidi kwanza. Zote arobaini zifungwe ofisini kwake, na zisizimwe saa za kazi."

Ukumbi ukapiga makofi. Mkurugenzi akarudi kitini, akamwinamia binti yangu aliyeketi kando yake. Nilikuwa kiti cha nyuma yao, nikasikia.

"Mwanangu, ile ripoti ya kwanza, ya joto, unayo?"

"Ninayo, bosi. Inangoja sahihi yako tu. Mheshimiwa yuko hapa, ataisoma sasa hivi."

Akamtazama Waziri, akaitazama taa, akaomba kalamu.

Akatia sahihi bila kuvua koti.