Akiba ya Betri na Mayai ya Mke Wangu

Jumatatu, 4 Machi
Betri imefungwa ukutani, ndani ya stoo. Fundi ameiwekea akiba ya asilimia hamsini. Umeme ukikatika, nusu hiyo ni yetu. Inayozidi itakwenda kwenye gridi ya taifa jioni, mtaa mzima unapowasha majiko. Akanisihi nisiguse mipangilio. Mimi! Niliyesoma kijitabu cha maelekezo mara mbili!

Jumanne, 5 Machi
Fedheha. Kila jioni shirika la umeme hututumia kwa simu orodha ya nyumba zilizochangia gridi zaidi. Ya kwanza: ya Mwalimu Mstaafu, jirani wa nyuma ya ukuta. Ameniuliza, kwa upole wa kuudhi, kama betri yangu inaumwa. Nimeshusha akiba hadi thelathini.

Jumatano, 6 Machi
Nafasi ya pili! Mke wangu hana habari. Yuko stoo na mashine yake ya kuangulia mayai. Anayachungulia, anayasemesha, anayaita wanangu. Mwaka jana hakutoka hata kifaranga mmoja. Haya yataanguliwa wakati wowote. Akauliza kama betri itayalinda umeme ukikatika. Nikamwambia aniachie mimi. Nimeshusha hadi sifuri.

Alhamisi, 7 Machi
Nafasi ya kwanza! Nikiwa bado naitazama simu, umeme ukakatika. Betri tupu. Mashine kimya. Mke wangu akasoma sifuri kwenye kioo cha betri, akanitazama. Hakunifokea. Afadhali angefoka! Akayafunga mayai kwa shuka, akanipa matano, akaniamuru niyakumbatie na nisipige chafya. Tukaketi sakafuni, bega kwa bega.
Mwalimu akachungulia juu ya ukuta, akauliza mbona bingwa yuko gizani. Kisha, bila kungoja jibu, akatupitishia waya kutoka kwake. Yeye alikuwa na akiba. Mashine ikanguruma. Mke wangu akamwambia asante shemeji.

Ijumaa, 8 Machi
Vifaranga tisa! Mmoja katoka mbele ya macho yangu. Mke wangu akaniwekea kiganjani, akaniegemea, akasema huyu amemrithi baba yake: hajakauka manyoya na tayari anatafuta balaa.
Nimekwenda kumshukuru Mwalimu, kwa dhati. Nikaona kioo cha betri yake. Kutulisha sisi kumeikausha! Leo hawezi kushinda!
Lakini nimekuwa mtu mzima sasa. Sifuri ni uzembe. Nimeweka asilimia moja.