Malalamiko Kuhusu Mwamba wa Mzee Akida na Shimo Lililo Nyuma ya Ofisi Yako

Shule ya Sekondari
(kwa sasa: nyuma ya ofisi yako),
14 Agosti 1988.

Ndugu Afisa Utamaduni,

YAH: KUPIGWA KWA MWAMBA KATIKA GHALA LA PAMBA, JUMAMOSI TAREHE 6 AGOSTI

Shikamoo. Natumaini utarudi salama kutoka kwenye semina, na kwamba barua hii utaipata. Nitaipitisha chini ya mlango wa ofisi yako ikiwa mlango bado utakuwapo. Ikiwa haupo, nitaiweka chini ya jiwe. Mawe yapo mengi.

Mimi ni Melania Maige, mwanafunzi wa Kidato cha Tatu. Hunifahamu, kwa sababu mimi si msemaji. Mara zote mbili ulipotembelea shule yetu nilikuwa nyuma ya kabati la vitabu. Nakuandikia kwa kuwa tangu Jumatatu iliyopita siendi shule. Baba yangu, Mzee Maige, ameniachisha ili nimsaidie kuponda mawe kwenye kinu, na mawe yenyewe yanatoka katika shimo lililo nyuma ya ofisi yako. Najua shimo hilo hukuliacha hapo ulipoondoka. Naomba unirudishe darasani. Ili uone kwamba siombi bila sababu, naeleza mambo kwa namba, kama anavyotufundisha Mwalimu Valerian wa Kiswahili.

1. Tangazo. Mwezi wa sita ulitoa waraka kwamba matangazo yote ya burudani yaandikwe kwa Kiswahili fasaha, na neno la kigeni lisionekane ukutani. Ni waraka mzuri. Nimeunakili kwenye daftari langu. Mara ikaja habari kwamba Mzee Akida Zamoyoni, mpiga gitaa la umeme anayepiga roki tangu enzi za twisti, atafanya onyesho hapa mjini. Bendi yake ilituma karatasi ya Kiingereza, nayo ikabidi itafsiriwe. Mtu aliyepewa kazi hiyo, ambaye sitamtaja kwa kuwa ni mpole na anatunza vitabu vizuri, alishinda Jumapili nzima na kamusi akitafuta maana ya roki. Kamusi ikasema roki ni mwamba, na diski za nyimbo ni sahani. Kwa hiyo tangazo likabandikwa kwa uji wa muhogo mahali kumi na moja, pamoja na njia panda ya kwenda Rwamgasa, likisema:

"MKONGWE WA MWAMBA ANAKUJA. Mzee Akida Zamoyoni, miaka ishirini na mitano katika mwamba mzito, mwenye sahani mbili za dhahabu, atapiga mwamba kwa umeme mbele ya macho yenu. Jumamosi, saa tisa alasiri, ghala la pamba. Wote mnakaribishwa."

Hakuna kosa la sarufi hapo. Nimelikagua mara nyingi. Lakini, Ndugu Afisa, huku kwetu watu wanapiga mwamba kila siku ya Mungu, wanaupiga kwa nyundo na tindo, na hakuna hata mmoja wao aliyewahi kupata kijiko cha dhahabu, sembuse sahani.

2. Waliohudhuria. Wapenzi wa muziki tulikuwa saba, ukimhesabu na Mwalimu Valerian. Wachimbaji wa dhahabu walizidi mia mbili. Walikuja kwa malori mawili, na nyundo zao, makarai yao na magunia ya mawe, wakakaa mbele. Baba alikuwamo, pamoja na rafiki yake Nkwabi, ambaye wanachimba naye duara moja, yaani shimo la dhahabu, kwa mwaka wa pili sasa, na duara hilo halijawapa kitu isipokuwa kifua. Walikuwa wamebeba gunia la mawe ya humo. Baba aliponiona alifurahi sana.

"Hata shule imewaleta mjifunze," aliniambia. "Hapo sasa serikali imefikiri."

Nikasema ndiyo. Nilikuwa na maelezo marefu, lakini yaliyotoka ni ndiyo.

Hapa yafaa ujue mimi nilifuata nini. Mzee Akida ana wimbo unaoitwa Stesheni ya Malampaka. Katika ubeti wa kwanza mwanamume anamngoja mwanamke stesheni, na treni imechelewa. Katika ubeti wa pili treni imefika, watu wote wameshuka, mwanamke hayumo. Baada ya hapo gitaa linalia peke yake, na kila mara, kwa miaka mitatu, redio yetu hukata wimbo papo hapo na kuanza matangazo ya vifo. Ubeti wa tatu sijawahi kuusikia. Sijui kama yule mwanamke alikuja na treni iliyofuata. Niliendea hilo tu.

3. Mzee Akida mwenyewe. Aliingia amevaa koti la ngozi na miwani myeusi, katika joto lile. Wapenzi wa muziki tukapiga makofi. Wachimbaji walivua kofia.

"Unaona koti?" Nkwabi alimnong'oneza Baba, na Nkwabi hanong'oni chini ya sauti ya kuitia ng'ombe. "Hilo ni la kuzuia baruti."

"Na miwani?"

"Miwani ni ya vumbi. Huyu ameshuka chini huyu."

Mzee Akida akaunganisha gitaa na waya mrefu uliotoka nje kwenda kwenye jenereta, nayo jenereta ilikuwa imewekwa kwenye kivuli cha ofisi yako. Nkwabi akanyoosha mkono kama yuko darasani, akauliza:

"Samahani mkongwe, mashine hiyo inasikia mpaka wapi?"

Mzee Akida, ambaye masikio yake yamechoka kwa kusimama karibu na spika miaka ishirini na mitano, alidhani ameulizwa inasikika mpaka wapi.

"Ikipata umeme wa kutosha," akajibu kwa upole, "mpaka Nkome."

Nkome ni ziwani, Ndugu Afisa. Watu mia mbili, ambao sasa waliona mashine ya kusikia dhahabu, walivuta pumzi kwa pamoja.

4. Kupigwa kwa mwamba. Kuna wazee waliouliza anashindana na nani, maana kwetu ngoma haichezwi na upande mmoja, ni lazima pawe na wa kushindwa. Walipoambiwa yuko peke yake, walisema basi huyo ameshawamaliza wenzake wote, na heshima ikazidi. Akaanza kupiga. Sasa gitaa lile lina tabia: mpigaji akilielekeza kwenye spika, linapiga yowe refu. Na spika ilikuwa upande wa dirisha la kaskazini. Lilipolia mara ya kwanza, Nkwabi alichora mshale sakafuni kwa chokaa. Lilipolia mara ya pili, mshale wa pili ukalala juu ya wa kwanza. Mara ya tatu hapakuwa na haja ya mshale. Nje ya dirisha la kaskazini, hatua arobaini, ipo ofisi yako.

Wachimbaji wakaanza kuondoka, mmoja mmoja, kwa adabu, wakiinama ili wasimkatize. Mzee Akida alidhani wamechoshwa na muziki. Kwa hiyo akaongeza sauti ili awarudishe, yowe likazidi, na kadiri lilivyozidi ndivyo walivyotoka kwa haraka. Sijawahi kuona msanii akijitahidi vile. Mwishowe tulibaki wale saba, nami kwa mara ya kwanza maishani nikaenda kukaa mbele.

Ndipo akapiga Stesheni ya Malampaka. Alimaliza ubeti wa kwanza. Alimaliza ubeti wa pili. Gitaa likalia peke yake, kama kwenye redio, akasogelea kipaza sauti, akavuta pumzi, nami nikafungua daftari. Umeme ukakatika. Kule nje jembe la mtu lilikuwa limepita katikati ya waya. Katika ule ukimya nilisikia sauti ya Baba ikisema kwa furaha, "Hapa ni laini."

5. Jiwe. Hili ndilo kubwa kuliko yote. Mzee Akida alipotoka nje kutafuta waya wake, Baba alimwendea, akamwamkia, akampa jiwe moja kutoka kwenye gunia. Mzee Akida ni mtu mwenye adabu. Hakujua afanye nini na jiwe, basi akaligonga kwa ukucha, akaliweka sikioni, akasema:

"Hili lina sauti."

Huenda alikuwa anatania. Huenda ndiyo namna wanamuziki wanavyoshukuru zawadi. Lakini Baba alirudi nyumbani na jiwe lile kifuani kama kitoto. Nilijaribu kumweleza kwamba roki ni muziki. Nilitumia mifano. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza, "Ng'wanone, mwanangu, tangazo limesema mwamba au limesema muziki?" Limesema mwamba.

Hivyo Jumatatu asubuhi, wenzangu wakiingia darasani, mimi nilikabidhiwa kinu. Aidha, kwa kuwa ni mimi peke yangu shimoni ninayesoma bila kukwama, nimepewa kazi ya kuwasomea wachimbaji tangazo lile kila alfajiri kabla hawajashuka. Wamelipigilia kwenye nguzo ya bendera yako. Wanalisikiliza wamesimama.

Kwa hayo yote, naomba yafuatayo:

(a) Neno mwamba lisimamishwe katika wilaya nzima mpaka watu watulie. Mwenye shida nalo aseme "jiwe kubwa la chini". Wimbo wa dini unaolitumia upewe kibali maalumu.

(b) Mzee Akida Zamoyoni atafutwe popote alipo, aletwe hapa, aseme mbele ya Baba kwamba yeye ni mwanamuziki tu, kwamba jiwe lile halina sauti, na kwamba gitaa lake halijui lolote lililo chini ya ardhi. Akishamaliza, na kama muda utaruhusu, aimbe ubeti wa tatu.

(c) Shimo lifukiwe upesi. Limefika chini ya chumba chako, na meza yako imeanza kuinamia upande wa faili. Jana wino ulijimwaga wenyewe.

(d) Aliyeandika tangazo apewe adhabu kali. Napendekeza anakili kamusi nzima kwa mkono, kuanzia A, na asiruhusiwe kuruka herufi. Akipatiwa chumba chenye utulivu na dirisha, hatalalamika.

(e) Nirudishwe shule kabla ya mtihani wa muhula. Mikono yangu imeota malengelenge, lakini ule wa kuandikia nimeutunza.

Nakuomba radhi kwa mwandiko. Ninaandikia juu ya karai, na kila Nkwabi anapopiga nyundo chini, mstari unapanda. Wasalimie wote walioko nyumbani kwako, umsalimie karani wako ambaye siku hizi anafanyia kazi chini ya mwembe wa jirani, na umsalimie mlinzi, ingawa yeye namwona kila siku kwa sababu ameshuka shimoni na wenzake.

Ni mimi, ambaye nikikutana nawe njiani sitasema neno lakini yote niliyotaka kusema yamo humu,

Melania Maige,
Kidato cha Tatu (kilichositishwa).

Nyongeza, 16 Agosti. Barua hii ilichelewa kwa sababu mlango haupo tena, nami nilikuwa natafuta jiwe linalofaa. Sasa nakuomba uisome kwa kurudi nyuma, kama ifuatavyo.

Usifukie shimo. Jana saa nne asubuhi, chini kabisa ya pale ilipokuwa meza yako, Baba alipiga mwamba, nami nilipouponda na kuuosha, ndani ya karai ikabaki dhahabu ya ukubwa wa punje ya mtama. Kisha ya pili. Nkwabi alikaa chini akalia. Wanauliza kwa heshima kama ofisi ya utamaduni inaweza kuhamia kwenye ghala la pamba.

Kuhusu ombi (d): aliyeandika tangazo ni mimi. Nilikiri kwa Baba jana. Akasema kwamba mtoto aliyeandika maneno yote yale bila kukosea hata moja haiwezekani aponde mawe, arudi shule kesho, na akimaliza aende nyingine kubwa zaidi. Kwa hiyo nimesharudi. Neno mwamba nalo liachwe kama lilivyo.

Mzee Akida usimtafute. Alikuja mwenyewe jana alasiri kudai waya wake, akakuta watu mia mbili wanampigia makofi kuliko alivyowahi kupigiwa popote, na mpaka sasa hajaondoka. Hakukana lolote. Amekaa ukingoni mwa shimo na koti lake, na kila jiwe linalotoka analigonga kwa ukucha.

Nilimwendea nikiwa na daftari. Ilinichukua muda, lakini niliuliza. Akavua miwani, akaniangalia kwa huruma, akasema wimbo ule una beti mbili tu. Baada ya hapo, alisema, hupiga gitaa mpaka umeme ukatike.