Abiria wa Saa Sita

Jumatatu, 12 Februari

Jua la wiki hii limevuka mipaka. Lami ya darajani imelainika hadi gurudumu linaacha alama. Sadrack, rais wa parking yetu ya toleka hapa karibu na daraja la Tshopo, ametukusanya sisi waendesha baiskeli za abiria na kutoa amri. Saa tano hadi saa tisa, baiskeli zote zilale. Kila mtu atembee na chupa mbili za maji, moja iwe na chumvi na sukari. Kitambaa kilicholowa shingoni. Kichwa kikiuma au jasho likikatika, shuka, tafuta kivuli. Kisha akamtaja Nassoro, mwenzetu aliyeanguka mwaka jana saa sita mchana kwenye njia ya Bengamisa, asiamke tena. Wote tukavua kofia. Mimi pia, ingawa nilikuwa nafikiria mengine.

Jumapili tunachagua rais mpya wa parking, na mimi nagombea! Mpango wangu: nitaendesha saa sita, peke yangu, wiki nzima, na kurudi mzima. Nani atampa kura mtu anayeogopa jua?

Jumanne, 13 Februari

Saa sita kamili nikatoka. Chupa niliziacha nyumbani, uzito wa bure. Nilivaa koti jeusi, rais lazima aonekane rais. Nilimpeleka mke wa askari hadi Kapalata, kwenye njia ya Bengamisa, akalalamika njia nzima.

Kurudi sikuwa na mtu. Barabara tupu, hata mbuzi hakuna. Nilisikia mnyororo wangu tu. Penye kibao cha barabara kilichoanguka baiskeli ikazama kidogo nyuma, vile inavyozama abiria akikaa. Mtu wa toleka hageuki akiendesha. Ukigeuka mnaanguka wote wawili. Kwa hiyo nikasema bonjour nikitazama mbele.

Kwenye mlima abiria mwenye adabu hushuka, akasukuma. Huyu alishuka. Baiskeli ikawa nyepesi, nikasikia mkono unasukuma kiti. Kule juu akapanda tena. Karibu na daraja uzito ukaondoka, nikageuka. Barabara nyeupe, hakuna mtu. Nywele zilinisimama. Halafu nikajiambia kwamba angalau alijua kusukuma.

Jumatano, 14 Februari

Fanny, mke wangu, ameona midomo yangu imepasuka. Amenisema mbele ya binti yetu Benie: «Papa Benie, weye haiko chuma.» Akanifungia chupa ya maji kwenye baiskeli. Nilipokata kona nikayamwaga yote juu ya matairi yasipasuke kwa joto. Akili hiyo Sadrack hana.

Abiria alipanda palepale penye kibao. Miaka kumi na moja ya toleka imenifundisha kumjua mtu kwa uzito wake, bila kumwona. Huyu anaegemea kushoto. Nassoro aliegemea kushoto kwa sababu ya nyonga yake mbovu. Nilimbeba mara nyingi baiskeli yake ilipokuwa kwa fundi. Nikauliza kama ni yeye. Akanipulizia pumzi shingoni, baridi kabisa. Niliogopa. Lakini katika jua lile, niseme ukweli, ile pumzi ilikuwa tamu.

Nimefikiria jioni hii. Nassoro alipendwa na wote. Ikijulikana kwamba yuko upande wangu, Sadrack kwisha.

Alhamisi, 15 Februari

Ushindi. Jasho limekoma! Sadrack anachuruzika kivulini, mimi natoka juani ngozi kavu kama karatasi. Mwili umezoea. Nilipomweleza, hakunipongeza. Alinishika paji la uso, akaondoa mkono haraka. «Israël, mwili yako iko moto. Bon, ingia kwenye kivuli, nakuomba.» Wivu. Alitaka kushika baiskeli, nikamponyoka.

Nassoro sasa anaongea, polepole, karibu na sikio. Anasema nikaze, tumekaribia. Nikamwuliza tumekaribia wapi. Akasema tumekaribia tu. Miti ilikuwa imeachana na ardhi, inaelea. Nilizihesabu nyumba za Kapalata mara tatu, kila mara zikapungua. Halafu nikasikia baridi. Saa sita mchana, meno yanagongana.

Jumamosi, 17 Februari, kituo cha afya

Jana sikuandika. Wanasema nilianguka penye kibao. Sadrack alikuwa amevunja amri yake mwenyewe na kunifuata kwa mbali na bidoni ya maji. Alinivuta kivulini, akanivua koti, akanimwagia maji kichwani na kwapani, akanipepea kwa jani la mgomba hadi watu wa Kapalata walipofika kunibeba. Muuguzi, Madame Priscille, amesema robo saa zaidi na wangekuwa wananichimbia kaburi.

Wenzetu wa parking waliokuja kunitazama walipotoka, Sadrack akavuta kiti na kuniuliza kwa sauti ya chini nilikuwa nimembeba nani. Kwa mbali aliona miguu miwili inaning'inia nyuma yangu, upande wa kushoto. Alipofika nilikuwa peke yangu. Nilimjibu kwamba sikubeba mtu. Mbona nimpe siri zangu siku moja kabla ya uchaguzi?

Fanny amelia hadi sauti imekauka. Benie amelala kando yangu, ameshika kidole changu kwa nguvu. Nimeona aibu, aibu ya kweli. Nikaapa mbele yao wote, mkono juu: sitaendesha tena baiskeli saa sita.

Jumapili, 18 Februari

Wamechagua bila mimi. Sadrack amepata kura zote kasoro moja. Yannick, aliyehesabu, alikuja kunieleza, na uso wake haukuwa mzuri. Watu ishirini na wawili walitumbukiza karatasi kwenye kofia. Zilitoka ishirini na tatu. Ile ya ziada ilikuwa na jina langu, na ilikuwa imelowa.

Saa sita Fanny alikwenda kunitafutia uji. Nikasikia kitanda kinazama upande wa miguuni. Nassoro ameniomba radhi. Anasema sikuanguka kwa sababu ya jua, nilianguka kwa kuchoka, maana kazi yote ya kukanyaga niliifanya mimi. Kesho ataendesha yeye. Mimi nikae nyuma, nimshike kiuno, nifumbe macho. Tutafika mapema.

Madame Priscille ananiruhusu kesho asubuhi. Nimeupima mpango huu kila upande na sioni kasoro. Maji sitayahitaji, abiria hatoki jasho. Na niliapa kutoendesha, sitaendesha. Fanny hatakuwa na sababu ya kukasirika.