Paka Mafuta Mdomoni

Jumatatu, 3 Machi

Wiki imeanza na neema! Bibi Mkunga kaleta gari lake dogo, lile la rangi ya ndizi mbivu. Kaleta kwangu, si kwa yule wa ng'ambo ya barabara! Lilisukumwa na nusu ya mtaa. Tairi la nyuma limelala bila upepo tangu mvua za mwaka jana, na mdomo wake umebanduka kwenye ringi. Halina tyubu. Sasa tairi la hivi, mdomo usipobana ringi pande zote, upepo unaingia hapa unatokea pale.

Bibi akasema analitaka gari Ijumaa bila kukosa. Mke wa muuza mkaa anakaribia kujifungua, na kwao ni juu kilimani, na miguu ya Bibi ya sasa haifiki huko. Nikamwambia Ijumaa ya nini, Bibi, njoo kesho. Akanitazama tu. Bibi ana macho ya kukutazama tu.

Yule wa ng'ambo tunamwita Kompresa, kwa sababu anayo, mashine ya kujaza upepo. Nyekundu, kubwa, inanguruma kama simba mwenye mafua. Mimi nina pampu ya mguu na akili. Tutaonana.

Jumanne, 4 Machi

Pampu tangu asubuhi. Goti linalia. Upepo unaingia, fyuuu, unatoka. Nikapaka povu la sabuni mdomoni ili tairi lilainike, liteleze lenyewe mpaka mahali pake. Likatoa mapovu mazuri, utadhani mtoto anaogeshwa. Kukaa, halikukaa.

Kompresa kapaza sauti kutoka kwake: jirani, lete huku, sekunde moja tu! Nikamjibu kazi yangu haihitaji kelele. Akauliza kama tairi limeshatakata, au nalisuuza na maji ya uvuguvugu. Wateja wake wakacheka. Nikacheka na mimi, ili ionekane tunacheka pamoja.

Bibi alipita. Nikamwambia kesho.

Jumatano, 5 Machi

Nimepata! Kamba! Unaizungusha katikati ya tairi, unapitisha chuma, unanyonga kama unakamua nguo. Tairi linabanwa kiunoni, mdomo unatanuka, unagusa ringi. Nani alinifundisha? Hakuna. Imenijia nikinywa chai.

Kamba nikaazima kwa Dada. Yaani Dada hakuwepo, nikaazima. Ni ile ya kuanikia.

Nikanyonga. Tairi likaanza kuguna. Nikanyonga tena. Mdomo umebakiza upana wa kidole! Nikaachia chuma ili nikanyage pampu. Hilo lilikuwa kosa. Chuma kikazunguka kama feni, kikaruka, kikapiga kibao cha Dada. Kibao kilikuwa kimeandikwa MSHONAJI. Sasa kimeandikwa SHONAJI.

Dada katoka na sindano mdomoni. Huyu ni dada yangu wa kwanza kuzaliwa, duka ni lake, kibaraza ni chake. Alinipa nikae hapa bure baada ya kufukuzwa sokoni kwa sababu ya ile betri, na nyuma ya shule kwa sababu ya ile betri nyingine. Akatoa sindano kwanza, ndipo akasema. Mdogo wangu, nakupenda, lakini nikisikia mshindo mwingine hapa, utatafuta kibaraza cha mtu mwingine.

Kibaraza kingine hakipo. Nimeshavimaliza vyote.

Alhamisi, 6 Machi

Bibi kaja, kaketi kwenye ndoo yangu, akaangalia tairi muda mrefu. Akasema limemkumbusha mtu. Nikauliza nani. Wewe, akasema. Mama yako alihangaika na wewe kutwa nzima, kichwa kinakuja, kinarudi, kama mtu aliyesahau kitu ndani. Dada akacheka dukani mpaka cherehani ikasimama.

Nikamuuliza Bibi, kwa hiyo ulifanyaje? Akasema katika kazi yake mtu halazimishi. Kitu kikigoma, paka mafuta mdomoni, kidogo tu, zunguka polepole, halafu subiri. Hata tairi lako hili, paka mafuta mdomoni, litakaa.

Akaondoka. Bibi huyu! Amejuaje? Maana ile habari niliwahi kuisikia kwa dereva wa lori: huko njiani tairi likigoma wanalimwagia mafuta, wanawasha, linashtuka, linakaa. Nilidhani ananidanganya. Sasa mkunga naye kasema. Kulainisha hakumaanisha, sabuni nimeshaijaribu na yeye aliona. Alimaanisha mafuta mafuta. Ya kwenye tangi!

Kesho Dada anapeleka nguo kwa mteja. Mungu ananipenda.

Ijumaa, 7 Machi

Naandika bila nyusi.

Nilifuata maagizo ya Bibi. Mdomoni tu. Nikazunguka polepole. Kidogo sikuweza kupima, chupa ilikoroma ikayamwaga mengi. Nikawasha.

BUUU! Mbwa wa mtaa mzima wakahama. Mimi nikajikuta nimekaa ndani ya ndoo. Lakini tairi! Tairi limekaa! Limebana ringi kila upande, limenona kama shavu! Nikacheza. Nikaimba. Nikamwonyesha Kompresa kidole changu, hiki cha kuhesabia, kwamba mimi ni wa kwanza.

Nikasahau pampu. Kumbe ule upepo wa moto ukipoa unanywea. Nikiwa katikati ya kucheza, tairi likashusha pumzi, pffff, mdomo ukaachia. Tukarudi Jumatatu.

Hapo hapo muuza mkaa kateremka mbio, viatu mkononi: mke wangu, mke wangu! Bibi nyuma yake na mkoba wake. Akaangalia tairi. Akaangalia uso wangu. Akauliza nimefanya nini. Nikasema nimepaka mafuta, Bibi, kama ulivyosema. Akanusa. Akasema, mjukuu wangu, mafuta ya KUPIKIA.

Muuza mkaa akaanza kulia. Mimi nusura nianze.

Kompresa kavuka barabara anavuta bomba lake refu, mkono mwingine kikombe cha mafuta ya alizeti. Hakunicheka, na hilo ndilo liliniuma. Akapaka mdomoni, akazunguka, akafungulia. Simba akanguruma. Pa! Pa! Tairi limekaa. Nikalirudisha garini, nikafunga nati, Bibi akawasha gari, wakapanda kilimani.

Dada alikuwa amesimama, nguo za mteja bado begani. Alirudi lini, sijui. Alisikia kila kitu.

Jumamosi, 8 Machi

Mtoto wa kike! Mama mzima, mtoto mzima. Bibi kapita kutuambia, kasema walifika zimebaki dakika chache, na mtoto katoka mwenyewe kwa adabu, tofauti na watu fulani.

Jana jioni nilianza kukusanya spana zangu. Dada kaniambia kaa. Nikakaa. Akachukua kopo dogo, akaanza kunipaka usoni kwa ncha ya kidole. Nikauliza ni nini. Akasema mafuta. Nikaruka! Akanishika sikio, akasema ya mgando, mjinga wewe, tulia. Nikatulia. Mkono wake ni mwepesi, wa mshonaji.

Akasema nitabaki kibarazani, kwa sababu akinifukuza hatalala akiwaza nalipua wapi. Lakini niape. Nikaapa: mafuta sigusi tena, ya tangi, ya taa, ya aina yoyote. Kompresa naye kasema tairi likigoma nivuke tu, jirani. Nikamwambia asante. Ilitoka kwa shida, ila ilitoka.

Jumatatu, 10 Machi

Mimi ni mtu mpya.

Dereva wa trekta kaleta tairi linalonizidi kimo. Mdomo umebanduka. Kompresa kafunga, kaenda kumwona mama yake. Dereva ana haraka, shamba linamngoja. Dada kaenda kununua vifungo.

Nimekuwa imara. Chupa ya mafuta sikuitazama hata mara moja. Kiapo ni kiapo.

Nimechungulia tu dukani. Juu ya kabati kuna kopo la kupulizia mbu. Nimelisoma lote, mbele na nyuma. Kuna picha ya moto imepigwa mstari, nadhani maana yake mbu hawapendi moto. Neno mafuta halimo popote. Wameandika dawa. Sasa dawa imewahi kumdhuru nani?

Nimemwomba dereva asogee nyuma kidogo.