Habari za Randa, Aliyekitwaa Kitambaa

Alikuwa amekwisha kuondoka. Sogeeni basi, enyi mlioketi na mlioegemea kuta, nawe unayesinzia jipige kofi, mkisikie kisa kikuu. Maana Randa, bingwa wa msumeno, mnyoosha mbao zilizopinda, alikuwa hatua kumi tu kutoka getini pa kiwanda cha samani, sanduku la zana begani kama jeneza la mfalme, akienda zake asirudi. Miaka ishirini na sita alipasua mbao pale. Sasa imeletwa mashine inayoendeshwa na kompyuta: kompyuta huchora meza, hupanga siku ya kukata, huchagua ubao, hukiamuru kisu, na Randa akashukuriwa kwa barua ya mistari mitatu.

"Mume wangu! Simama, usiniue!"

Ndiye Mama Stoo huyo, mkewe, malkia wa misumari na gundi, mwenye funguo kumi na tisa kiunoni, anakuja kwa mbio ambazo miguu yake ilizisahau tangu harusi.

"Mashine imegoma," alisema akihema. "Kioo chake kinasema kuna mtu ndani, karibu na kisu. Hakuna mtu! Wamechungulia mpaka chini. Meneja ametuhesabu mara tatu kama mbuzi."

"Basi mna bahati. Pumzikeni."

"Nisikilize, baba. Ni kitambaa changu."

Hapa nyamazeni kidogo. Mama Stoo hawezi kuona kitu cha thamani kikakaa uchi. Kwake redio ina kitambaa cha kufuma, televisheni ina chake, na ndoo ya maji pia haikusahauliwa. Nimetembea nyumba nyingi, lakini ndoo iliyovikwa niliiona kwake tu. Asubuhi ile, kwa heshima zote, aliitandikia mashine kitambaa cheupe cha maua, chenye pindo refu. Nalo pindo likaning'inia ubavuni, mbele ya jicho la taa lililowekwa kulinda mikono ya watu. Feni ikilipepea pindo, jicho linaona mkono. Na jicho likiona mkono kisu hakishuki, hata ukibembeleze vipi.

"Si ukitoe tu," alisema Randa.

"Meneja amesimama pale pale! Ameapa, akimjua aliyeichezea mashine yake, leo leo anamtoa. Tukitoka wote wawili, watoto watakula barua yako?"

Randa akashusha pumzi. Hakuipenda ile mashine. Kama ni yeye, ingegoma hadi ipate kutu. Lakini nyumbani kwake mshahara uliobaki ulikuwa mmoja, nao ulikuwa unaning'inia kwenye pindo la kitambaa. Akageuka, shujaa yule, akarudi vitani.

"Wewe si umefukuzwa?" aliuliza mlinzi wa geti.

"Nimefukuzwa mimi. Skwea yangu ya kupimia pembe haijafukuzwa. Naifuata."

Mlinzi akafungua.

Ndani palikuwa na msiba. Mtaalamu, mjuzi wa programu, bwana wa vifungo mia moja na vinne, alikuwa ameinamia kompyuta tangu asubuhi, na mashine yenyewe hajaigeuzia hata kichwa. Nayo kompyuta, ilipoona mtu wake hatoki, ikaanza kupanga kazi upya: meza mia mbili za shule, zilizotakiwa kukatwa siku ile, ikazisogeza wiki ijayo, kisha mwezi ujao, kisha mwaka ujao. Meneja alipoona mwaka akashika kichwa kwa mikono miwili.

"Enyi mafundi!" alinguruma. "Humu ndani kuna mtu mmoja zaidi ya waliomo! Na ajitokeze!"

Mtu huyo hakujitokeza, kwa kuwa hakuwapo.

"Na wewe Randa, si uliondoka?"

"Niliondoka, bosi. Nimefuata skwea. Ila niruhusu niiage mashine." Akapiga hatua. "Ewe mkata mbao usiyekunywa chai!" Hatua ya pili. "Ewe usiyeugua wala kufiwa!" Hatua ya tatu, na pumzi za wote zimesimama. "Nakuachia uwanja, ila, aa, joto la humu!"

Ndipo mkono ule, mkono uliopasua misitu, ukanyooka, ukakitwaa kitambaa mbele ya macho kumi na manane. Akajifuta uso. Akajifuta shingo. Akapangusa kipara chote, bila haraka, kisha akakikunja na kukizamisha mfukoni.

Meneja akakunja uso. "Hiyo leso yako mbona ina maua?"

"Mke wangu ananipenda, bosi."

Nyuma ya rafu, Mama Stoo akazama kusoma boksi la skrubu.

Wakati huo huo Mtaalamu akabonyeza kifungo alichokwisha kukibonyeza mara thelathini na tisa. Kioo kikaandika TAYARI, na kisu kikashuka kwenye ubao. Ukumbi ukalipuka. Wakambeba Mtaalamu mabegani, na Meneja akipiga kelele, "Kifungo gani? Kiandikeni kile kifungo!"

Nanyi wenye kalamu andikeni jingine: siku ile, saa tano na robo, mtu aliyekwisha kufukuzwa aliwaokoa waliobaki, kwa kujifuta jasho.

Meza mia mbili zilikatwa siku ile ile. Mtaalamu aliandika ripoti ya kurasa nane, akahamia kiwanda kikubwa zaidi. Meneja alibandika agizo ukutani kwamba mashine ikigoma, kifungo kile kibonyezwe mara arobaini. Linafuatwa hadi leo. Mama Stoo alikaa stoo miaka sita zaidi, akastaafu. Binti yao mkubwa alimaliza shule, akasomea kompyuta. Randa hutengeneza milango uani kwake, kwa mkono, na wateja humlalamikia kwamba anachelewa.